Besi Si Jalala la Walioshindwa Gitaa

Jumamosi ijayo kuna kijana anakuja mazoezini kwetu kujaribiwa. Kwenye simu alijinadi kuwa ni mpiga solo: Santana anammudu, Deep Purple anawamudu, na asichokijua atakidaka kwa kusikia mara moja. Kiongozi wetu wa bendi, mtu ninayemheshimu na ambaye tunafanyia mazoezi nyumbani kwake bila kumchangia hata umeme, alikata simu akatugeukia: "Aje tumwone. Akishindwa solo tutampa besi."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda, besi mapajani, natyuni. Sikucheka, na wakati ule sikujua kwa nini. Nilipokwama kwenye foleni ya Mwenge ndipo nikaelewa. Bendi ina mpiga besi, mpiga besi huyo alikuwamo chumbani, na bado nafasi yake ilitangazwa kama kiti kitupu cha daladala.

Simlaumu. Sentensi ile si yake. Nimeisikia kwenye harusi Mombasa, nimeisikia kwa mafundi mitambo, nimeisoma kwenye mahojiano ya wazee wa roki wa Uingereza na Marekani wakisimulia ujana wao. Ni imani iliyoenea, na imesimama kwa miguu miwili: kwamba besi hupewa aliyeshindwa gitaa, na kwamba haidhuru, kwa sababu haisikiki. Nyuzi nne badala ya sita, noti moja badala ya kodi nzima, mtu amesimama karibu na dramu hana hata kipaza sauti. Ugumu uko wapi?

Nianze na umri wa imani hii, maana watu huitaja kana kwamba imeshuka pamoja na muziki wenyewe. Haijafikisha hata miaka mia. Kabla ya 1951 besi ilikuwa dabo besi, lile dude la mbao linalomzidi mtu kimo, lisilo na vizuizi shingoni vya kukuonyesha pa kuweka kidole. Ukikosea kidogo tu umetoka nje ya sauti. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu aliyeshindwa gitaa ajifariji kwa dabo besi. Hata leo, kwenye vikundi vya taarabu vya Unguja ambako dabo besi bado inasimama nyuma ya udi na fidla, sijamsikia mtu akidai kwamba anayeikumbatia ni yule aliyefeli kwingine.

Kisha akaja Leo Fender, fundi redio wa California ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme ya kuvaa begani, yenye vizuizi shingoni kama gitaa, akaiita Precision kwa sababu sasa kidole kilijua pa kutua. Kwa uvumbuzi huo alifungua mlango mkubwa, na mlangoni wakapita wapiga gitaa. Chombo kilichokuwa na mafundi wake maalumu kikafanana, kwa macho tu, na gitaa lililopunguziwa nyuzi. Dharau ilianzia kwenye umbo. Lingebaki dude lile la mbao, leo tusingekuwa tunabishana.

Halafu kuna kisa cha Hamburg, ambacho kila mwenye imani hii hukitaja, nacho ni cha kweli. Mwaka 1961 vijana wa Liverpool walioitwa The Beatles walikuwa wakikesha wakipiga kwenye vilabu vya walevi katika mji huo wa Ujerumani. Mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, aliamua kuwaacha arudie uchoraji wake. Wakabaki wapiga gitaa watatu na besi isiyo na mtu. John Lennon hakuitaka. George Harrison hakuitaka. Paul McCartney naye hakuitaka, ila yeye ndiye mzigo ulimwangukia. Akaingia dukani akanunua Höfner yenye umbo la fidla kwa pauni 30 hivi. Ilikuwa rahisi, na kwa kuwa mabega yake mawili yanafanana, mtu wa mkono wa kushoto angeweza kuigeuza isionekane kioja.

Hapo watetezi wa imani hufunga kitabu. "Unaona? Hata McCartney alisukumiwa!" Wangefungua kurasa chache mbele wangekutana na mwaka 1966. Harrison, mpiga solo wa bendi, alileta studio wimbo wake mwenyewe, "Taxman", ambao ukawekwa wa kwanza kabisa kwenye albamu ya Revolver. Una solo kali ya gitaa, fupi, iliyojaa hasira. Aliyeipiga ni McCartney. Mpiga besi, kwenye wimbo wa mpiga solo, akipiga solo. Kama besi ni kifungo cha waliofeli gitaa, mbona mfungwa aliitwa kumsaidia hakimu kusoma hukumu?

Kusukumiwa kazi ni jambo moja na kuishindwa nyingine ni jambo lingine. Tungepimwa kwa kazi tulizosukumiwa, nusu ya walimu na makarani wa nchi hii wangekosa heshima, na mimi mtu wa mahesabu ningekuwa wa kwanza. McCartney alikuta chombo ambacho wenzake hawakukiona, akakifanya kiimbe. Baadaye orodha ikawa ndefu kiasi kwamba ni aibu kuendelea kusema "aliyeshindwa". John Paul Jones alikuwa mpangaji wa muziki anayegombewa na studio za London kabla hajaunda Led Zeppelin na wenzake, na ule mshororo wa gitaa wa "Black Dog" unaowatoa jasho wapiga solo wa ridhaa ni yeye aliyeuleta. Roger Waters wa Pink Floyd, Phil Lynott wa Thin Lizzy, Sting wa The Police: wote besi mkononi, kalamu mkononi. Steve Harris alianzisha Iron Maiden mwaka 1975 na mpaka leo bendi ni yake.

Mguu wa pili wa imani, kwamba besi haisikiki, ndio unaonikera zaidi, kwa sababu unasemwa na watu wenye masikio mazima.

Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82. Spika ikitakiwa kutoa mtikisiko wa chini kiasi hicho lazima isukume hewa nyingi, na spika ya simu iliyo ndogo kuliko ukucha haina ubavu huo. Redio ya betri nne tuliyokulia nayo haikuwa nao. Spika ya mlangoni mwa duka la simu, inayopiga kelele kutwa, hainao. Mtu anasikiliza muziki miaka 20 kwa vifaa vilivyokata theluthi ya chini ya kila wimbo, kisha anatangaza kwamba theluthi hiyo haina kazi. Ni sawa na mtu aliyezoea kula wali mkavu akakataa kwamba nazi ina ladha.

Na siyo redio tu. Santuri zenyewe zilikuwa na uoga wa besi. Noti ya chini huichonga mifereji ya santuri kwa mawimbi mapana. Ikizidi, sindano inaruka. Kwa hiyo mafundi waliipunguza besi wakati wa kuchonga, na mtambo wa kuchezea ukaachiwa kazi ya kuirudisha, na mitambo mingi ya majumbani haikuirudisha vizuri. Uingereza walikuwa waangalifu kupita kiasi. Beatles walizionea gere santuri za Marekani, ambazo besi yake ilikupiga kifuani. Mwaka 1966, wakirekodi "Paperback Writer", mafundi wa studio ya EMI pale Abbey Road akiwemo kijana Geoff Emerick walifanya ujanja: walichukua spika nzima, wakaigeuza kipaza sauti, wakaisimamisha mbele ya spika ya besi ya McCartney. Spika na kipaza sauti ni kitu kimoja kinachofanya kazi kinyumenyume. Chenye uso mkubwa wa kusukuma hewa nyingi kinaweza pia kupokea hewa nyingi. Sikiliza wimbo ule kisha usikilize chochote walichotoa mwaka 1963. Mpiga besi ni yuleyule. Katika wa kwanza amefunguliwa mlango.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolielewa nilimsumbua nalo mke wangu wiki nzima. Hata pale spika inaposhindwa kabisa kutoa mtikisiko ule wa 41, huwa inatoa mikia yake: 82, 123, 164 na kuendelea. Ubongo ukiipata mikia hiyo huhesabu kurudi nyuma na kukusikilizisha noti ya chini ambayo haipo hewani. Yaani unaposikiliza roki kwenye simu yako, kichwa chako kimekaa kinaijenga besi upya bila kukuomba ruhusa. Kitu kisicho na umuhimu hakidaiwi hivyo.

Watetezi wetu wapole, ambao siwapendi sana kuliko wapinzani, husema besi ni kama msingi wa nyumba: hauonekani lakini umeibeba nyumba. Asante, lakini hapana. Msingi haufanyi uamuzi wowote. Umemwagwa zege mara moja, umelala. Mfano wangu mimi ni nahodha wa jahazi. Anakaa tezi, nyuma kabisa, mkono kwenye usukani. Watalii wanapiga picha tanga. Tanga ni zuri, nalo ndilo linalobeba upepo. Lakini jahazi litakwenda Bagamoyo au Unguja, hilo halijui.

Natoa mfano wa mazoezini. Mpiga gitaa akishika kodi ya C (kodi ya muziki, watu wa TRA watulie) vidole vyake vinatoa noti tatu: C, E na G. Nikipiga C chini yake, ukumbi unasikia C, mchana kweupe. Sasa yeye abaki palepale asisogeze hata kidole, mimi niteremke nipige A. Ukumbi umesikia A maina. Jua limefunikwa na wingu, mwanamke aliyekuwa anacheka pale meza ya nyuma amekumbuka kitu. Nikihamia F, kodi ileile inaning'inia kama swali lisilojibiwa. Mpiga gitaa anaapa kwamba amepiga C muda wote, na ni kweli, ameipiga. Ila kilichosikika sikuzote nilikiamua mimi. Yeye anachagua maneno. Maana yake inatoka huku nyuma.

Na hapo sijagusa muda. Mguu wa mpiga dramu unapokanyaga ngoma kubwa, noti yangu inaweza kutua nayo sawasawa, au ikatangulia punje, au ikachelewa punje. Ikitangulia, wimbo unaharakisha moyo. Ikichelewa, kiuno kinalegea. Hakuna mteja atakayekuja kusema "umechelewesha punje". Atainuka tu kucheza, au hatainuka.

Msomaji ambaye roki si chakula chake nampeleka karibu na nyumbani. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, iliyotoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwambie mtu wa rika langu akuimbie wimbo ule kwa mdomo, bila maneno. Nimewafanyia jaribio hili shemeji, fundi seremala na mhasibu mwenzangu. Wote watatu waliniimbia besi ya Tom Malanga. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alichokuwa akikiimba ni besi. Mhasibu alikataa katakata mpaka nilipoleta chombo.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo la besi halijawahi kuwa sauti. Ni jina. Pale Detroit, katika nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand, kampuni ya Motown ilirekodi miaka ya 1960 nyimbo zilizochezwa dunia nzima. Kwenye nyingi kati ya hizo besi ilipigwa na James Jamerson. Alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi ambazo inasemekana hakuzibadilisha ila zilipokatika, na alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Kimoja! Mistari ambayo wapiga besi wenye vidole vinne bado wanaihangaikia. McCartney mwenyewe amesema alijifunza kwake. Lakini kampuni ilikuwa haiandiki majina ya wapigaji kwenye majalada, na Jamerson alisubiri mpaka mwaka 1971, kwenye What's Going On ya Marvin Gaye, ndipo jina lake likachapwa. Watu waliocheza besi yake kwa miaka kumi hawakuwa viziwi. Hawakuambiwa tu ni nani.

Najua nitaletewa ushahidi wa upande wa pili, na sipendi mtu anayeukimbia.

Wataniletea The Doors wa Los Angeles, ambao jukwaani hawakuwa na mpiga besi. Kweli hawakuwa naye. Walikuwa na mkono wa kushoto wa Ray Manzarek, uliopiga kinanda kidogo cha besi kilichowekwa juu ya ogani yake, shoo nzima, huku mkono wa kulia ukifanya kazi yake nyingine. Na walipoingia studio walikodi wapiga besi mara kwa mara. Kwa albamu ya L.A. Woman ya 1971 walimleta Jerry Scheff, mpigaji wa Elvis Presley. Bendi isiyohitaji besi haimfanyishi mtu kazi ya watu wawili ili iipate.

Wataniletea The White Stripes, watu wawili tu, gitaa na dramu. Vizuri sana. Wimbo wao unaojulikana kuliko yote ni "Seven Nation Army" wa mwaka 2003, na mshororo wake Jack White aliupiga kwa gitaa la kawaida lililopitishwa kwenye kifaa cha miguuni kinachoshusha sauti oktavu nzima. Kwa nini aishushe? Mashabiki wa mpira wa Italia waliuimba mwaka 2006 timu yao ilipochukua Kombe la Dunia, na viwanja vya Ulaya vinauimba hadi leo. Hawaimbi maneno. Wanaimba besi, tena besi ya bandia ya bendi isiyo na besi.

Wataniletea John Entwistle. Huyu ananiuma, kwa sababu ni kipenzi changu. Mwaka 1965 kwenye "My Generation" ya The Who alijibizana na gitaa kwa besi iliyokimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na miaka yote jukwaani alisimama kama mlingoti huku wenzake wakiruka na kuvunja vyombo. Alifariki Las Vegas tarehe 27 Juni 2002, kesho yake ziara yao ya Marekani ikiwa inaanza. Tarehe 1 Julai The Who walikuwa jukwaani Los Angeles na mpiga besi mwingine, Pino Palladino. Siku nne. Rafiki yangu mmoja mpiga solo hunikumbusha tarehe hizi kila akipata bia mbili. Nami humjibu hivi: waliahirisha maonyesho, wakamsaka mtu haraka, mtu mwenyewe akajifunza nyimbo usiku na mchana. Hawakusema "tupande bila besi, hakuna atakayejua". Baada ya miaka 38 ya kuwa na Entwistle pembeni, hilo ndilo wazo ambalo halikumjia mtu yeyote.

Ushahidi mmoja tu ndio ulinikosesha usingizi: "When Doves Cry" ya Prince, 1984. Wimbo mzima hauna besi, na ulishika namba moja Marekani wiki tano. Lakini Prince alikuwa ameirekodi besi, kisha akaitoa. Aliitoa kwa makusudi ili wimbo usikike mtupu, na kila mtu aliusikia utupu huo. Wapenzi wa Metallica nao wana kidonda cha namna hiyo. Albamu yao ya mwaka 1988, ...And Justice for All, ilichanganywa hivi kwamba besi ya Jason Newsted ni kama haipo, na mpaka leo mashabiki wanajitengenezea matoleo yao wenyewe ya albamu ile yenye besi iliyopandishwa. Kitu kisichosikika kikitolewa, nani angejua kwamba kimetolewa?

Sasa niwageukie wapiga besi wenzangu, maana imani hii ingekuwa imeshazikwa kama sisi wenyewe tusingekuwa tunaipepea.

Tuko kama saba hapa mjini tunaofahamiana, wote wa ridhaa: mwalimu, dereva wa lori, wawili wa benki, mmoja ana duka la vipuri. Mtu akipata udhuru anampigia mwenzake amshikie shoo. Tukikutana hatuzungumzii muziki dakika kumi kabla hatujaanza kulia. Kwamba gitaa la solo linapanda bodaboda ila amplifaya ya besi inataka bajaji, na nauli ya bajaji haimo kwenye mgao. Kwamba fundi mitambo anatupima sauti mwisho, wageni wakiwa wameshaanza kuingia. Kwamba kwenye picha za shoo kinaonekana kiwiko tu. Yote haya ni ya kweli na mimi ni mlalamikaji hodari. Lakini baada ya hapo mtu hutoa utani wa mpiga besi mjinga, tunaucheka, na kesho yake anausimulia kwa kiongozi wake wa bendi ili aonekane si mtu wa makuu. Unamfundisha mwenzio namna ya kukudharau, halafu unanuna akikudharau.

Kuna na waliokimbilia upande wa pili, ugonjwa wa mbwembwe. Hao wameamua kuthibitisha kwamba besi ni ngumu kwa kuipiga kama gitaa. Mmoja wetu, simtaji maana tunaazimana waya, alikuwa kwenye harusi Tabata. Bibi harusi anaingia ukumbini, wimbo wa taratibu, akina mama wameshaanza vigelegele. Yeye akaanza kuzipiga nyuzi kofi kwa dole gumba, tap-tap-tap, noti 16 pale palipohitaji mbili. Bibi harusi akapoteza hatua. Naapa alipoteza hatua, nilimwona akitazama viatu vyake. Huo nao ni unyonge, umevaa suti tu. Ukiamini kwamba kazi yako ni ndogo, ndipo unapotafuta kazi ya mwenzako uifanye kwa chombo chako.

Dawa yao wote nawaonyesha Shangani, Unguja. Wageni hupanga foleni kwenye jumba la makumbusho la Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa kisiwani mwaka 1946 na kuja kuwa sauti ya Queen. Wana haki ya kupanga foleni; hata mimi nimepanga. Lakini nikiwa pale nilijiuliza ni wangapi kati yetu wanaomjua John Deacon. Queen walishika namba moja ya Marekani mara mbili tu, zote mwaka 1980. Wimbo wa kwanza aliuandika Mzanzibari wetu. Wa pili, "Another One Bites the Dust", uliandikwa na mpiga besi, mtu mkimya aliyeingia bendi akiwa wa mwisho, mwanafunzi wa elektroniki London. Na besi ya wimbo ule ni nini? Noti chache zinazokanyaga mahali pamoja, kisha kimya, kisha tena. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa mchana mmoja mahali pa kuweka vidole. Kile kimya ndicho kinachokataa. Nimekipiga kimya hicho miaka tisa kwenye baa na bado kuna usiku nakikosea, najikuta nimekijaza.

Deacon huyohuyo, miaka ya mwanzo ya bendi, aliokota ubao wa saketi kwenye takataka za mtaani London, akauunganisha na spika akatengeneza amplifaya ndogo. Brian May, mpiga solo, akaipenda akaitumia kwenye rekodi nyingi za Queen. Zile sauti za gitaa zinazopangana kama kwaya, ambazo wapiga solo wa dunia nzima wanaziabudu, kadhaa zilipita ndani ya kitu alichokiokota mpiga besi jalalani.

Kwa hiyo, mzee wangu kiongozi, Jumamosi nitawahi kama kawaida, nitashusha amplifaya kwenye bajaji, nitalipa nauli mwenyewe. Kijana akija tumkaribishe vizuri, na pilau la shemeji apewe, maana ni mgeni. Akiipiga hiyo Santana kama alivyojisifu, nitamshikia besi mpaka azeeke. Ila akishindwa solo, mpeni rithim. Besi ina mwenyewe. Na mpiga rithim wetu akinuna, naye aandike makala yake.